Wengineo Watachota Maji

Siku tuliyomzika Boke Mniko, mwalimu mkuu wetu alisimama mbele ya jeneza akasoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa nusu ukurasa. Naujua kwa sababu niliuchapa mimi kwenye kompyuta ya shule, naye akiwa amesimama nyuma yangu ananiambia futa hiki, weka kile. Ulisema marehemu alikuwa mama mcha Mungu, mdau wa elimu, mtu wa kujitolea, na kwamba Bwana alimtwaa akiwa katika kuwahudumia watoto. Watu waliitikia amina. Na mimi niliitikia amina, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo haijanitoka. Nikila ipo, nikisahihisha madaftari ipo.

Basi naandika mwenyewe. Naitwa Judith, nimekulia Iringo pale Musoma mjini, na sasa ni mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi kando ya ziwa, si mbali na Mugango. Shule siitaji kwa jina kwa sababu mshahara wangu bado unatoka serikalini. Kanisa nalo silitaji, kwa sababu ni langu na naimba kwenye kwaya yake. Nitaliita kanisa kubwa. Kila kijiji huku kina kanisa kubwa lake, kwa hiyo asitokee mtu akadai kwamba nimemsema yeye.

Boke hakuzaliwa ziwani. Alizaliwa upande wa Butiama, kwenye nyumba ya wafugaji wa ng'ombe, akaolewa huku na mwanamume aliyeitwa Mugeta, mwenye mashamba ya mihogo na mitumbwi miwili. Walizaa wasichana watatu na wote wakaolewa. Wa kiume hakupata. Mume alipokufa, ndugu zake walianza kupitapita shambani wakihesabu hatua, mmoja akishika kamba huku na mwingine kule, na Boke amekaa mlangoni kwake anawatazama. Akafanya kile ambacho kwao wanawake wa hali yake wamefanya tangu zamani. Alichukua ng'ombe walioingia kwa mahari ya binti zake, akaenda nao kwa watu, akaoa. Alimwoa msichana anayeitwa Rhobi, awe mke wa nyumba ile, azae watoto watakaobeba jina la marehemu na kulishika shamba. Kwao inaitwa nyumba ntobu.

Wageni wakisikia habari hiyo hucheka na kuuliza maswali ya chumbani. Hakuna cha chumbani hapo. Ni mama mtu mzima na mkwe wake, wanalima pamoja, wanaanika dagaa pamoja, na mtoto akizaliwa ni wa nyumba. Rhobi alizaa mtoto wa kiume, akapewa jina la marehemu, Mugeta. Ndugu wa mume waliacha kupima shamba.

Wakati huo Boke alikuwa muumini wa kanisa kubwa, mwenye sare ya umoja wa wanawake na kitambaa chake cha kichwani. Alimpeleka Mugeta kubatizwa. Mzee mmoja wa kanisa, Wenceslaus, alisimama Jumapili mbele ya watu wote akasema mtoto hawezi kubatizwa mpaka Boke aondoe dhambi nyumbani kwake, yaani amrudishe Rhobi kwao. Boke aliuliza, "Nikimrudisha mama, mtoto nimrudishe wapi?" Akavua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye benchi, akatoka. Nilikuwepo. Tuliendelea na wimbo uliofuata.

Kilichompokea ni kikanisa kimoja kilichoko njia ya kwenda mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, ambacho watu wanakiita Mabati Manane kwa sababu paa lake ndiyo hayo. Mugeta akabatizwa huko. Makao makuu ya kikanisa hicho ni Bunda, mtaa mmoja wa Kabasa, na mchungaji wao anakuja kijijini akipata nafasi, na nafasi haipati mara nyingi.

Huyo ndiye mama ambaye wasifu ulimwita mdau wa elimu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya juu, na hakuwa na subira na watu wajinga. Wachuuzi wa Bunda waliokuja kununua dagaa walimpenda na kumwogopa. Wauzaji wengine huchanganya mchanga chini ya gunia. Yeye alimwambia mnunuzi aingize mkono mpaka chini kabisa, na asipotaka kuingiza alimshika kiwiko akamwingizia.

Sasa niseme habari ya shule, kwa sababu huko ndiko alikokufa, hata kama mwili haukuonekana huko.

Shuleni kwetu kipindi cha dini ni Ijumaa, saa tano mpaka saa sita. Kila dhehebu linaleta mwalimu wake, mwenye barua ya kanisa, na watoto wanagawanywa. Wenceslaus ndiye mwalimu wa dini wa kanisa kubwa, na anachukua madarasa mawili ya mbele. Wa kanisa la pili wanakaa stoo ya vitabu. Waislamu wana ustadhi wao. Kuna daftari la dini lenye safu kwa kila dhehebu, na mwisho kabisa kuna safu imeandikwa Wengineo. Hao ni watoto wa vikanisa visivyo na mwalimu, na wale ambao kwao hawasali kokote. Mwaka huu walikuwa ishirini na saba. Wenzao wanapoingia darasani kumwomba Mungu, Wengineo wanachukua ndoo na madumu wanateremka ziwani kuchota maji.

Maji hayo ni ya uji wa shule. Hivyo ndivyo inavyosemwa. Ukweli ni kwamba ndoo za kwanza zinaingia kwenye mapipa ya nyumba za walimu, na pipa langu ni la pili kutoka mwanzo. Bomba tunaambiwa linakuja. Nimeoga maji ya Wengineo kwa miaka sita, nikafulia, nikapikia, na Jumapili nikaenda kuimba.

Na ziwa lile lina mamba. Hili si siri. Mama mmoja alishachukuliwa akiosha sufuria, na mwaka juzi mvuvi alipoteza mguu. Watu wazima wakienda kuchota wanakwenda wawili, mmoja anachota na mwingine anatazama maji. Palikuwa na uzio wa miti uliozungushiwa mahali pa kuchotea, ukaoza, ukaanguka, hakuna aliyeusimamisha. Watoto ishirini na saba wakiingia na ndoo wanarushiana maji na kucheka, hakuna anayetazama. Mwalimu wa zamu anatakiwa awe nao. Mwalimu wa zamu huwa barazani kwake, kwenye kivuli, anahesabu ndoo zinazopanda.

Mugeta alipofika darasa la tatu akaanza kurudi nyumbani Ijumaa kaptula imelowa. Boke alivumilia mara moja. Mara ya pili alikuja ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Alfonsi. Zamu ilikuwa yangu, nikawepo.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza," alisema Boke, na hakukaa kwenye kiti alichopewa. "Mtoto wangu Ijumaa anafundishwaga nini?"

"Ijumaa ni kipindi cha dini, mama."

"Ndiyo nauliza anafundishwa nini."

Mwalimu mkuu alifungua lile daftari. "Yeye yupo kwa Wengineo. Dhehebu lenu halijaleta mwalimu. Wasio na mwalimu wanafanya kazi za mikono."

"Kazi za mikono ndiyo ziwani?"

"Maji ni ya uji wao wenyewe, mama."

"Na hawa wanaobaki darasani hawanywagi uji?"

Mwalimu Alfonsi si mtu mbaya ukimtazama. Anacheka na wazazi, anajua majina ya watoto. Alivua miwani yake, akasema kwa upole, "Mimi sina shida. Aende akae kwa Mzee Wenceslaus. Atakuwa ndani, hatalowa, hakuna atakayemgusa. Tumalize."

"Kwa Wenceslaus?" Boke alicheka bila furaha. "Yule alisema nyumba yangu ni dhambi. Mtoto atakaa pale afundishwe kwamba mama yake ni dhambi na bibi yake ni dhambi, halafu jioni aje ale ugali wangu ananiangalia. Hapana. Simpi mtu mtoto wangu anifundishie kunichukia."

"Basi lete mwalimu wenu, mwenye barua. Utaratibu ndiyo huo."

Nilimsindikiza mpaka kwenye geti. Nikamwambia, kwa kujiona mwenye busara, "Mama, kubali tu. Ni saa moja kwa wiki. Watoto wenyewe wanasikia huku, yanatokea huku."

Akasimama akanitazama. "Wewe mwalimu, na hizo hesabu zako unawafundishaga ukijua hawasikii?"

Nilikasirika. Nilirudi ofisini nikamsema kwamba ana mdomo.

Alikwenda Bunda mara tatu. Mchungaji wao, Burito, alimpokea vizuri, akapokea na dagaa, akasema Ijumaa inayokuja atafika yeye mwenyewe. Boke alioga, akavaa, akaja kukaa getini tangu saa nne na Biblia mapajani. Hakuja mtu. Akaenda tena, akaahidiwa tena, akakaa getini tena, na watoto wakapita mbele yake na ndoo zao, Mugeta akiwemo. Safari ya tatu alimwambia mchungaji kwamba hataondoka. Alikaa kwenye ngazi za nyumba ya mchungaji pale Kabasa tangu asubuhi, waumini wakija kumwona mchungaji wanamruka. Saa tisa Burito akaandika barua kwamba mwalimu wa dini wa kanisa lake shuleni ni Boke Mniko mwenyewe. Ilikuwa na mihuri miwili, mmoja umekaa kichwa chini. Mwalimu Alfonsi aliisoma mbele na nyuma akitafuta kasoro, akaikosa.

Ijumaa ya kwanza Boke alipewa ukuta wa nyuma ya ghala la mahindi. Watoto wa Mabati Manane walikuwa watano tu. Wengineo waliobaki walisimama na ndoo zao wakitazama.

"Wekeni ndoo chini," aliwaambia. "Kaeni."

Msichana mmoja akasema, "Bibi, sisi sio wa kanisa lako."

"Nimeuliza kanisa? Nimesema kaeni."

Wakakaa, wote ishirini na saba. Boke alisoma mpaka darasa la nne, Biblia alikuwa anaisoma kwa kidole, na mahubiri hakuwa nayo. Aliwaambia Mungu anajua watu kwa majina, kwa hiyo kuomba ni kutaja majina. Kila mtoto ataje watu wa kwao, na wenzake waseme amina. Basi wakataja. Mama, baba, mdogo wangu anaumwa sikio, bibi, shangazi yuko Mwanza. Mmoja akataja ng'ombe wao wanne kwa majina yao, wakaitikia amina ya kila ng'ombe. Nilisikia nikiwa barazani. Saa sita ikapigwa hawajamaliza, na wiki iliyofuata walianzia walipoishia.

Ijumaa hiyo hakuna ndoo hata moja iliyopanda. Jumamosi pipa langu lilikuwa na maji ya kufunika kisigino, na nikajikuta namlaani yule mama kwa jina. Naandika hili kwa sababu wasifu wa kweli hauachi mambo. Nilikasirika kwamba watoto wanaomba na mimi sina maji.

Ijumaa nne zilikwenda hivyo. Kisha Wenceslaus akaleta malalamiko. Watoto saba wa kanisa kubwa walikuwa wameacha darasa lake wakahamia nyuma ya ghala, kwa sababu kule wanaruhusiwa kusema. Kamati ya shule ikaitwa. Mimi niliandika muhtasari.

"Tuna mwanamke aliyeoa mwanamke," alisema Wenceslaus, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, "na tumempa watoto awafundishe kuomba. Mimi sisemi kwa chuki. Nauliza tu, hawa wajumbe watamjibu nini Mungu?"

Wajumbe walikuwa kumi na mmoja. Wanne kati yao ni watoto wa akina mama walioolewa kwa ng'ombe wa bibi, hilo linajulikana kijiji kizima. Wote waliangalia meza. Mwalimu mkuu alisema yeye anachojali ni utaratibu, na kwamba uji wa watoto umekosa maji wiki nne. Nikaandika azimio namba nne kwa mwandiko wangu mzuri ambao watu wanausifu: Wengineo watachota maji kama ilivyokuwa awali, mpaka madhehebu yao yatakapoleta walimu wenye sifa. Mwalimu mkuu alisema "wanaofaa". Neno sifa nililiweka mimi, nikiona linasomeka vizuri.

Boke alipoambiwa hakupiga kelele. Ijumaa mbili Mugeta hakuja shule. Ya tatu ikaja karatasi kutoka kata kwamba mzazi wa mtoro anaweza kushtakiwa, na Rhobi, ambaye ni mwoga wa karatasi, alilia usiku kucha. Boke akamrudisha mtoto. Na yeye akaja.

Hakuja getini safari hii, alikwenda moja kwa moja ziwani. Watoto walipoteremka walimkuta amesimama mbele ya maji, kanga ameifunga kiunoni. "Mtoto hagusi maji," alisema. "Pandeni kwenye mawe. Leteni ndoo." Akachota yeye. Ndoo ishirini na saba, anaingia mpaka magotini, anajaza, anatoka, anampa mtoto, anachukua nyingine. Wakipandisha na kurudi, anajaza tena. Alikuwa na miaka sitini na moja. Ilikuwa hivyo Ijumaa sita.

Hakuna aliyekuwa anamtazamia maji. Mtu wa kutazama alitakiwa kuwa mwalimu wa zamu. Zamu mbili kati ya hizo sita zilikuwa zangu, na kutoka barazani nilimwona vizuri, anainama na kuinuka. Nilisema moyoni kwamba amejitakia. Madirisha ya darasa la Wenceslaus nayo yanaangalia ziwa. Kila mara alipoinua macho kutoka kwenye kitabu chake alimwona mwanamke yule akijaza maji yatakayopikia uji wa wanafunzi wake, na akateremsha macho akaendelea kufundisha upendo.

Ijumaa ya sita ilikuwa baada ya mvua, maji yamechafuka. Darasani walikuwa wanaimba. Watoto walipopiga mayowe, sauti zao zilichanganyika na wimbo, na mimi nikadhani wanacheza. Nilijua walipofika juu wakikimbia bila ndoo, Mugeta wa mwisho, na yeye peke yake ndoo yake ameishika. Wavuvi walitoka na mitumbwi. Kanga ilipatikana kesho yake. Yeye alipatikana siku ya tatu, na tulichozika sitakieleza.

Mazishi yalikuwa makubwa. Burito alikuja kutoka Bunda na watu wake. Wenceslaus aliomba sala ndefu, nzuri sana, akalia machozi ya kweli. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba machozi yalikuwa ya kweli.

Wiki iliyofuata shule iliitisha maombi. Walikuja watumishi wa makanisa matatu, wakapanga ndoo zote kwenye mstari uwanjani, wakazipaka mafuta moja moja. Tukateremka nao ziwani tukiimba, wakakemea roho ya mauti iliyomo majini. Nilikuwa nimebeba chupa ya mafuta. Tuliporudi, niliomba nafasi kwenye kikao cha walimu. Nikasema tukate miti tusimamishe uzio, na mpaka usimame mtoto yeyote asiende.

Mwalimu Alfonsi alinitazama kwa huruma. "Mwalimu Judith, tumetoka kuomba sasa hivi. Imani yako ni ndogo kiasi hicho?"

Wenzangu walicheka kidogo. Ijumaa ile ile Wengineo waliteremka na ndoo zao zenye mafuta. Uzio bado umelala majini mpaka leo ninapoandika.

Mugeta peke yake alisamehewa maji, kwa huruma. Mwalimu mkuu alisema mtoto ameona mengi, akae darasani kwa Mzee Wenceslaus. Rhobi akakubali. Nilifungua lile daftari mimi mwenyewe, nikalikata jina lake kwenye safu ya mwisho, nikaliandika kwenye safu ya kanisa kubwa. Niliona ndilo jambo jema la kwanza nililolifanya katika habari hii yote. Angalau yupo salama, nilisema.

Ijumaa ya tatu alikuja darasani kwangu wenzake walipokwenda nyumbani. Nilikuwa nasahihisha.

"Mwalimu."

"Sema, Mugeta."

"Leo Mzee ametufundisha jehanamu. Amesema mtu anayeishi kwenye dhambi, akifa ghafla, hana muda wa kutubu."

Niliweka kalamu chini.

"Bibi alikufaga ghafla," alisema. "Mimi nilikuwa nimesogea kuchukua ndoo yangu. Akanisukuma. Akasema, Mugeta, panda kwenye jiwe. Hakusema kitu kingine. Hakuomba." Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia meza. "Hiyo inahesabika, mwalimu? Kama kutubu?"

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia inahesabika kuliko sala zote nilizowahi kusikia, na kwamba bibi yake hakuwa na cha kutubu. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama hayo yameandikwa mahali au nayasema mimi. Nikasema nayasema mimi. Akaitika kwa adabu, akachukua begi lake akaondoka, na niliona kabisa kwamba hakuniamini. Aniamini kwa lipi? Alikuwa kwenye yale mawe Ijumaa zote sita, na kutoka pale baraza langu linaonekana vizuri.